Tangazo la Watoto Maatisti

Binti yangu wa pili alichelewa kusema. Wenzake wa umri ule walikuwa wanabishana na bibi zao na kuwashinda, yeye kimya. Alikuwa na kopo la vifuniko vya soda, na siku nzima aliweza kuvipanga kwenye ukingo wa baraza, vyote vimelala kifudifudi, kisha avikusanye na kuvipanga upya. Ukimwita hageuki. Ukimbeba anajinyoosha kama ubao wa kupigia pasi.

Halafu asubuhi moja tumekaa jikoni, mama mkwe wangu anaponda ndizi za mtori, mtoto akafungua mdomo. Hakusema mama. Hakusema maji. Alisema kwa sauti nzito ya taratibu, kama mtu aliyevaa tai:

"Familia ya marehemu inasikitika kutangaza kifo cha ndugu yao mpendwa, kilichotokea leo alfajiri. Habari ziwafikie wa Sanya Juu, wa Holili, na popote pale walipo."

Mwiko ukamtoka mama mkwe ukazama kwenye sufuria.

"Nani kafa?" akauliza.

Mtoto amerudi kwenye vifuniko vyake.

"Mbona hajataja jina?" Mama mkwe akanigeukia mimi kana kwamba jina nimelificha kwenye khanga.

Mume wangu alikuwa mlangoni anavaa viatu, anawahi gereji mjini. Akasema, "Labda bado hajaamua."

Mama mkwe hakucheka. Siku ile hakwenda kukata majani ya ng'ombe. Alikaa ndani akisubiri, maana katika nyumba ile mwenye umri wa kutangazwa alikuwa yeye.

Kwa wale waliozaliwa juzi niseme kwamba enzi hizo redio ilikuwa ndiyo simu ya watu wote. Mtu akifariki, ndugu walitangaziwa redioni, na kila nyumba ilinyamaza kusikiliza kama kuna jina la kwao. Sisi pia tulinyamaza. Kumbe kati yetu yupo aliyekuwa anasikiliza zaidi ya wote.

Kuanzia hapo mtoto alitangaza kila siku, wakati mwingine mara kadhaa kabla jua halijapanda. Habari ikatembea kihambani kote, shamba kwa shamba, toka migomba ya huku mpaka migomba ya kule, kwamba kwangu kuna mtoto anayetaja vifo. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye kikohozi cha muda mrefu, alimtuma mkewe na mkungu wa ndizi mbivu.

"Mzee anasalimia," mama yule akasema, akikwepa kumtazama mtoto. "Anasema mtoto ale. Na kama jina lake lipo, anaomba lirudishwe nyuma kidogo."

Nilimwambia hakuna majina, ni maneno ya redio tu. Akaniacha na mkungu hata hivyo. Zilikuwa ndizi tamu sana.

Kila mtu alikuwa na jibu. Shemeji yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, alisema mtoto ni kiziwi na kwamba jambo la namna hiyo linapimwa kisayansi. Akachukua mifuniko miwili ya sufuria, akajificha nyuma ya banda la ng'ombe, akaigonganisha kwa nguvu zake zote. Ng'ombe alikata kamba, akapita kwenye mibuni, tukamkuta kwa jirani. Mtoto hakugeuza hata shingo.

"Kiziwi," shemeji akatangaza, anahema.

Dakika ile ile, ndani, mtu akafungua redio kwa sauti ndogo kabisa. Mtoto akainuka mbio, akaenda kuweka sikio kwenye spika.

Shemeji akafikiri. "Kiziwi wa hiari," akasema.

Nikampeleka zahanati. Wakampa dawa ya minyoo. Minyoo ilitoka, maneno hayakutoka. Lakini muuguzi wa pale, Mungu ambariki, alimtazama akipanga vifuniko juu ya benchi, akaniambia Moshi mjini kuna daktari wa watoto anayewaelewa watoto wa namna hii, niende mapema kabla foleni haijafika barabarani.

Wakati huo nilikuwa nimeshapunguzwa kazi. Nilikuwa karani katika ofisi ya kahawa, na baada ya hapo nikawa nauza nguo za mitumba pale soko la Kwa Sadala. Nikaiacha meza yangu kwa jirani wa sokoni, nikambeba mtoto, na mama mkwe akasema anakuja. Sikumwomba. Alivaa viatu vyake vya kuendea sherehe za kipaimara, akabeba chupa ya maziwa, akatangulia.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, miwani ameipandisha kichwani na anaitafuta mezani. "Shikamoo, mama," akamwambia mama mkwe.

"Marahaba. Miwani iko kichwani."

Tukaanza vizuri. Daktari hakumshika mtoto. Alikaa chini sakafuni, na koti lake jeupe, akaanza naye kupanga vifuniko. Akaweka kimoja chali. Mtoto akakigeuza kifudifudi bila kumtazama. Daktari akaweka kingine chali. Mtoto akakigeuza, safari hii na pumzi ya kuchoka.

"Amenikosoa," daktari akasema, amefurahi kana kwamba amepewa zawadi.

Aliuliza maswali mengi, na kwa mara ya kwanza kila swali nililoulizwa nilikuwa na jibu lake. Anatazama watu usoni? Hapana. Anatembelea vidole? Hapana. Kelele zinamsumbua? Mashine ya kusaga ikiwaka anaingia uvunguni. Anaongea? Matangazo ya vifo ya redioni, basi. Mwisho akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia: otizimu. Siku hizi wanasema usonji, lakini wakati ule neno hilo lilikuwa halijapanda huku kwetu mlimani.

"Ndiyo kitu gani, daktari?"

"Ubongo wake umejengwa kwa namna yake, tangu tumboni. Anasikia, anaona, lakini anayapokea mambo kwa njia tofauti na sisi. Hakurogwa. Na wewe, mama, hakuna kitu ulichokosea."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine yote, hilo sikujiandaa nalo. Nikalia. Mama mkwe akanipa ncha ya kitenge chake, kisha akamwinamia daktari.

"Hata zile ndizi za kuchoma? Nilimkataza akiwa na mimba, akala."

"Hata ndizi za kuchoma, mama."

"Na dawa yake?"

"Dawa ya kuiondoa hakuna. Kuna kumfundisha, polepole, na kuna kumwelewa. Hivi, haya matangazo ya vifo huwa anayasema wakati gani?"

Hatukuwahi kujiuliza.

"Kwenye redio matangazo hayo yanatoka saa ngapi, na nyinyi saa hiyo mnafanya nini?"

"Saa ya chai," nikasema. "Tunakunywa maziwa, tunasikiliza…"

Mtoto alikuwa ameshaitazama chupa iliyokuwa mapajani kwa bibi yake. "Familia ya marehemu inasikitika kutangaza," akasema. Mama mkwe akamimina kikombe. Mtoto akanywa chote, akajifuta mdomo, akarudi sakafuni.

"Yesu wangu," mama mkwe akasema. "Miezi yote hii nimejiandaa kufa, kumbe mtoto ana kiu."

Nilimwuliza daktari kama ana kitabu. Akasema anacho kimoja, cha Kiingereza, kinaeleza jinsi ya kumzoesha mtoto chumba chake mwenyewe na mbwa wa ndani. Tukakubaliana kwamba hakitatufaa. "Kitakachokusaidia ni wenzako," akasema. "Katika mlima huu huwezi kuwa peke yako. Watafute. Ukiwapata hata wachache, Jumamosi moja nitapanda huko juu tukae tuzungumze."

Tulipofika nyumbani, majirani waliuliza hospitali wamesemaje. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akajibu kwa fahari: "Ni otomatiki."

"Otizimu, mama."

"Ndiyo. Anajiendesha mwenyewe."

Mume wangu, ambaye ni fundi wa magari, alilifikiria jambo hilo kwa makini. "Otomatiki siyo bovu," akaniambia tumekaa barazani. "Ila ukilazimisha kuliendesha kama gari la gia, unaliharibu wewe." Nimesoma vitu vingi tangu wakati huo, na bado sijapata maelezo yanayozidi hayo.

Alinipeleka pia kwenye duka la kompyuta mjini, zilikuwa ndiyo zinaingia, ili tutafute habari kwenye mtandao. Kijana wa pale akaandika neno, akabonyeza, tukasubiri. Picha ya mtoto ikaanza kushuka kutoka juu, mstari mmoja mmoja. Nikatoka nikanunua nyanya, nikarudi, ilikuwa imefika kwenye paji la uso. Nikatoka tena nikanunua vitunguu. Ilipokaribia pua, umeme ukakatika. Kwa hiyo nilichojifunza siku hiyo ni kwamba watoto hawa wana mapaji ya uso.

Ndipo nikaamua kutumia njia iliyokuwa inaaminika: tangazo la kanisani. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba wazazi wenye watoto wa otizimu wafike Jumamosi kwenye ukumbi wa chekechea, waje na watoto wao, na daktari atakuwepo. Nikampa mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri na asiyependa kuonekana ameshindwa na neno.

Jumapili akapanda mbele. Akasoma la harambee, akasoma la ng'ombe aliyepotea, akafika kwenye langu. Akasita. Akaisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu.

"Wazazi wenye watoto wa… wa ati… atizimu," akasema. Kisha uso ukamng'aa, maana alikuwa amelipatia maana. "Yaani watoto maatisti! Wasanii! Waimbaji, wachoraji, wenye vipaji vyote. Wafike Jumamosi bila kukosa. Kutakuwa na daktari wa kuwapima."

Nikasimama, nikanyoosha mkono. Kwaya wakadhani nimeguswa na roho, wakaanzisha pambio. Nilikaa.

Nilimfuata nje baada ya ibada, akasema nisiwe na wasiwasi, tangazo lilikuwa zuri mno na tayari amemwazima katekista wa Wakatoliki naye asome kwao.

Jumamosi nilikwenda ukumbini nikitegemea watu wawili watatu. Nilikuta watoto wamejaa mpaka kwenye ngazi. Kulikuwa na kwaya nzima ya shule ya Jumapili na sare zao. Kulikuwa na mapacha wa sarakasi. Msichana mmoja wa Sanya Juu alikuja na michoro ya ng'ombe, wote wamechorwa kutoka nyuma. Na karibu na dirisha alikaa mama mmoja mzee sana, na pembeni yake mwanawe, mwanaume mzima mwenye mvi masikioni, amekumbatia kodiani.

"Mama, tangazo lilikuwa la watoto," shemeji yangu, aliyejipa kazi ya mlangoni, akamwambia.

"Huyu ni mtoto," mama mzee akajibu. "Nimemzaa mimi."

Daktari akaingia na mkoba wake. Akaona umati ule, akashika mlango. "Wote hawa?" akaninong'oneza, macho yamejaa machozi. "Mlima huu una wote hawa?"

Kabla sijamweleza, kiongozi wa kwaya akadhani ishara imetolewa. Wakaimba. Mapacha wakapinduka. Binti yangu akaziba masikio, akaingia chini ya meza ya mbele na kopo lake. Nilitamani kumfuata.

Nyimbo zilipofika mwisho, nikapanda juu ya kiti.

"Jamani, kumetokea kosa," nikasema. "Hatukuwaita wasanii. Tuliwaita wazazi wenye watoto kama wangu." Na kwa kuwa neno lenyewe ndilo lililotuponza, sikulitaja tena. Nikaeleza tu. Mtoto ambaye ukimwita hageuki, na si kiziwi. Anayetaka chakula kile kile, sahani ile ile, na ukibadilisha ni vita. Anayeumizwa na kelele. Anayesema maneno ya watu wengine badala ya yake.

Ndipo kutoka chini ya meza ikatoka sauti nzito ya taratibu:

"Familia ya marehemu inasikitika kutangaza kifo cha ndugu yao mpendwa."

Mwanamke mmoja wa nyuma akapiga yowe. Mwingine akamshika. Watu wakaanza kuulizana, nani, nani kafa, wa ukoo gani. Baba mmoja alikuwa ameshavua kofia.

"Hakuna aliyekufa!" mama mkwe wangu akapaza sauti, anapenya katikati ya kwaya na chupa yake mkononi. "Nyamazeni! Mtoto anataka maziwa!"

Akapiga magoti, akapitisha kikombe chini ya meza. Kikombe kikarudi kitupu. Akakiinua juu ukumbi mzima ukione, kama vile mchungaji anavyoinua kile cha ushirika.

Watu walicheka mpaka mapacha wakacheka bila kujua kwa nini. Na kicheko kilipopungua, mama mzee wa dirishani akasimama.

"Lakini huyu wangu ndivyo alivyo," akasema. "Hayo yote uliyosema. Tangu mdogo. Anakula ndizi nyeupe na maziwa, kingine hali. Kodiani alifundishwa na marehemu baba yake, anapiga nyimbo zile zile kwa mpangilio ule ule, ukimkatisha anaanza upya toka wa kwanza. Watu wamemwita majina, siwezi kuyasema hapa mbele ya watoto. Halafu Jumapili nikasikia kanisani anaitwa atisti. Nikasema, sasa wamempatia jina zuri. Ndiyo maana nimekuja."

Daktari akaenda kukaa karibu naye. Mwanawe hakutazama mtu, lakini alisogeza kodiani kidogo kumpa nafasi.

Kisha mama mmoja wa kwaya akanifuata taratibu. Binti yake alikuwa mwimbaji mzuri kuliko wote. "Huyu niliyemleta ni mzima," akaniambia. "Yupo mdogo wake, nimemwacha nyumbani na shangazi yake. Yeye sikumleta. Sikujua kama anaruhusiwa kuja mahali."

Nikamwambia amlete. Akaondoka saa hiyo hiyo, karibu anakimbia, akarudi amembeba mgongoni mvulana mnene wa miaka kama saba, aliyekuwa anavuta harufu ya nywele zake na kucheka.

Wale waliokuja kwa usanii walikataa kuondoka. Walisema wametoka mbali, wameambiwa kuna daktari wa kupima, wapimwe. Kwa hiyo daktari, baada ya kuzungumza na wazazi walioitwa kweli, alikaa kwenye meza na kuwapima wasanii. Aliwatazama makoo waimbaji wote, akawaambia wanywe maji mengi. Mapacha aliwapima magoti. Msichana wa ng'ombe aliulizwa kwa nini hachori vichwa, akasema vichwa vinamtazama. Daktari akamwomba akae kidogo, amwite na mama yake.

Hivyo ndivyo kikundi chetu kilivyoanza. Tulikutana Jumamosi moja kila mwezi pale pale chekechea. Mzee wa kanisa aliona aibu sana, akafanya mazoezi ya neno kwa wiki nzima, na Jumapili iliyofuata akatangaza kwa ushindi: "Otizimu! Siyo maatisti. Narudia, siyo maatisti!" Kwa sababu aliwataja mara mbili, walikuja tena.

Daktari alitufundisha kutumia picha, ili mtoto aweze kuonyesha anachotaka. Mume wangu akakata vibao kwenye mbao nyembamba, akachora mwenyewe. Kikombe kilifanana na kikombe. Kitanda kilifanana na kitanda. Choo kilifanana na basi, na basi lilifanana na choo. Kwa muda mrefu binti yangu alionyesha kibao akitaka kwenda mjini, nasi tukamkimbiza chooni. Alivumilia. Siku moja alikivuta kibao cha basi, akampelekea baba yake, akampa na kalamu.

Neno lake mwenyewe la kwanza lilikuja baadaye, alipokuwa ameshaanza shule kwenye darasa la watoto wa mahitaji maalumu mjini. Lilikuwa "bado." Nilikuwa namvua sweta, akasema bado. Nikalirudisha. Nilikaa kitandani nimeshika mkono wa lile sweta, nikamwita mume wangu, naye akaja mbio na spana mkononi akidhani kuna moto. Sasa ni mtu mzima, anajua kukamua ng'ombe kuliko mimi, na ng'ombe wanampenda kwa sababu hawapigii kelele. Anaongea kidogo. Anayoyasema ni yake.

Aliyebadilika zaidi ni mama mkwe. Baada ya miaka michache alikuwa anajua habari hizi kuliko wauguzi, na hakuna aliyemtuma kuzieneza. Siku za soko alikuja kukaa kwenye meza yangu ya mitumba Kwa Sadala, si kuuza, bali kuchunguza watoto wa watu. Mama akiinama kuchagua suruali, mama mkwe amemshika mtoto wake kidevu. "Anakutazama usoni huyu? Vitu anavipanga? Usifiche, hapa tunasaidiana."

Mara moja alimwona mama mgeni anapita na kijana mdogo anayetembelea vidole vya mguu mmoja. Mama mkwe akaruka benchi. Akawakalisha wote wawili, akawapa maziwa, akaeleza jambo zima toka mwanzo: ubongo, kelele, vibao, Jumamosi, na kwamba hakuna alichokosea, hata kama alikula ndizi za kuchoma. Mama yule alisikiliza mdomo wazi, anaogopa kuuliza. Mwisho mama mkwe akamvua mtoto kiatu.

Ulikuwa mwiba. Mkubwa, wa mgunga, umeingia karibu na kidole gumba.

Mama mkwe akautoa kwa pini ya kitenge chake, akaufuta, akautazama mwangani. Mtoto akashuka, akakanyaga chini na mguu mzima, akaanza kukimbia kati ya marundo ya nguo.

"Basi," mama mkwe akamwambia mama yake, anarudisha pini mahali pake, "yule hana. Lakini Jumamosi njoo hata hivyo. Chai ipo."